Mteja wa Nani?

Mwaka 1874 mafundi shaba wawili wa Calcutta walifikishana mahakamani. Madhub Chunder Poramanick na Rajcoomar Doss walikuwa na maduka katika sehemu moja ya mji, wakigombea wateja walewale wa vyombo vya shaba, na ushindani ulipowachosha wakapatana. Madhub angefunga duka lake la sehemu ile. Rajcoomar naye angemlipa fedha ambazo Madhub alikwisha kuwatangulizia mafundi wake kabla ya kazi, jumla yake rupia 900. Madhub akafunga duka. Fedha hazikuja, akaenda kushtaki.

Kwa macho ya kawaida kesi ilikuwa nyepesi: wawili wameahidiana, mmoja ametimiza, mwingine amekwepa. Jaji Mkuu, Sir Richard Couch, hakuiona hivyo. Mbele yake ilikuwapo Sheria ya Mikataba ya India, yenye umri wa miaka 2 tu, na kifungu chake cha 27 kilitamka kwamba makubaliano yoyote yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara iliyo halali ni batili kwa kadiri ya kizuizi hicho. Ilitolewa hoja kwamba Madhub hakufungiwa India nzima, alifungiwa mtaa mmoja tu, tena kwa hiari yake. Jaji akasema sheria haikutenganisha kizuizi kikubwa na kidogo. Ahadi ya kufunga duka ilikuwa batili, na kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa malipo ya ahadi ya Rajcoomar, ahadi ya Rajcoomar nayo ikaanguka. Madhub akakosa duka, akakosa na rupia.

Ni vigumu kutomhurumia. Hata hivyo kifungu kilichomwangusha ni miongoni mwa vifungu vya sheria vilivyosafiri mbali kuliko vingi. Kiliandikwa New York, ambako hakikupata kuwa sheria. Kikapokewa California na India katika mwaka mmoja. Kisha kutoka India kikavuka bahari hadi Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Kwa njia hiyo kimekuja kusimama katikati ya swali ambalo mhasibu, msusi, fundi wa magari na wakala wa bima hukutana nalo wanapoacha kazi: wateja niliowahudumia kwa tajiri wangu wa jana wakinifuata nilikohamia, ninaruhusiwa kuwapokea? Na kama nilisaini karatasi kwamba sitawapokea, karatasi hiyo ina nguvu gani?

Ili kuelewa kifungu hicho kilikuwa kikijibu nini, inabidi turudi nyuma sana, hadi Uingereza ya mwaka 1414. Mtu mmoja aitwaye John Dyer, mtia rangi nguo, alikuwa ametoa hati ya dhamana kwamba hatafanya kazi hiyo katika mji fulani kwa muda wa nusu mwaka. Aliyepokea dhamana alimshtaki kwamba ameivunja. Jaji Hull alipousikia mkataba wenyewe alikasirika hata akaapa mbele ya baraza: dhamana hiyo ni batili, akasema, na lau mdai angekuwa amesimama pale angepelekwa gerezani akae humo mpaka amlipe Mfalme faini. Nusu mwaka tu, mji mmoja tu, na jaji anataka kumfunga mtu.

Hasira hiyo ilikuwa na chanzo chake. Mwaka 1348 tauni kubwa ilikuwa imeingia Uingereza na kuua sehemu kubwa ya watu wake. Mashamba yalikosa wavunaji, karakana zilikosa mikono. Mwaka 1349 na tena 1351 watawala walitunga sheria za kuwalazimisha watu wenye nguvu kufanya kazi, tena kwa ujira wa zamani. Mahali ambapo kukaa bila kazi ni kosa, mkataba wa kumfanya fundi akae bila kazi ulionekana kama hila dhidi ya nchi nzima. Tena fundi wa zama zile hakuwa na pa kukimbilia. Ufundi ulikuwa na vyama vyake, kila mji ulikuwa na milango yake, na aliyekuwa mwanagenzi wa kutia rangi hakuweza kuamka kesho akawa seremala. Kumfungia mji ni kumfungia riziki.

Walioandika dhamana za namna hii mara nyingi walikuwa mabwana wa karakana. Mwanagenzi aliingia akiwa mtoto na kutumika miaka mingi kwa chakula na mafunzo. Siku ya kuhitimu bwana akaanza kumwona kama mshindani aliyemlea mwenyewe. Hapo zikaja hila za viapo: apa kwamba hutafungua duka bila ruhusa yangu. Mambo yalienea kiasi kwamba mwaka 1536, enzi za Mfalme Henry wa Nane, Bunge lilitunga sheria ya kuwakataza mabwana kuwaapisha wanagenzi wao hivyo. Mjadala tunaodhani ni wa kampuni za kompyuta una karibu miaka 500 tangu ulipopigiwa kura bungeni kwa mara hiyo.

Kisha biashara ikakua, na majaji wakakutana na jambo ambalo Hull hakuwa nalo akilini. Mwaka 1711 mwoka mikate aitwaye Reynolds alimkabidhi mwenzake Mitchel tanuri lake katika parokia ya St Andrew, Holborn, mjini London, kwa upangaji wa miaka 5. Pamoja na tanuri akatoa dhamana ya pauni 50 kwamba katika miaka hiyo hataoka mikate ndani ya parokia ile. Akaoka. Aliposhtakiwa alijitetea kwamba amesomea uokaji, ni mwanachama halali wa chama cha waokaji, na sheria haiwezi kumzuia mtu asifanye kazi aliyohitimu.

Jaji Mkuu Parker aliona kilichofichika nyuma ya utetezi huo. Mitchel hakununua matofali ya tanuri peke yake. Alinunua mazoea ya watu wa Holborn kutembea asubuhi mpaka mlango ule. Kama Reynolds angeweza kupokea fedha kisha kufungua tanuri jingine mtaa wa pili, hakuna mwoka mikate nchini ambaye angeweza kuuza biashara yake kwa bei ya haki, kwa sababu hakuna mnunuzi ambaye angemwamini. Parker akaamua kwamba kizuizi cha nchi nzima hakifai, lakini kizuizi cha mahali maalumu, chenye sababu njema na malipo ya haki, kinaweza kusimama. Mitchel akashinda.

Nadhani Parker alikuwa na haki. Lakini alichofungua ni mlango, na walioupita baadaye hawakuwa waokaji wanaouziana matanuri. Kati ya mtu anayeuza biashara yake na mtu anayeuza nguvu zake za kila siku kuna umbali mkubwa. Muuzaji anaondoka na fedha mkononi, na kimya chake ni sehemu ya alichouza. Mwajiriwa anaondoka na barua na mshahara wa mwezi wa mwisho. Ilichukua miaka 200 mahakama za Uingereza kuuona umbali huo waziwazi.

Kabla hazijauona, kizuizi kilinyooshwa mpaka kikaizunguka dunia. Thorsten Nordenfelt, Mswidi mtengenezaji wa silaha, aliuza mwaka 1886 biashara yake ya mizinga na risasi kwa zaidi ya pauni 200,000. Miaka 2 baadaye kampuni iliyoinunua iliungana na ile ya Hiram Maxim, na Nordenfelt akaahidi kwamba kwa miaka 25 hatajihusisha na utengenezaji wa silaha popote. Muda haukupita mrefu akaingia kwa washindani. Mwaka 1894 Baraza la Mabwana, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, lilishikilia ahadi yake. Wateja wa mizinga ni serikali, wakasema majaji, na serikali ziko dunia nzima. Basi kizuizi cha dunia nzima kilikuwa na kiasi. Neno hilo, kiasi, ndilo likawa kipimo: kizuizi kinasimama iwapo ni cha kiasi kwa pande mbili na hakiwadhuru watu wote. Bunduki za Maxim zenyewe Afrika Mashariki ilikwisha kuzifahamu. Ofisa Mwingereza Frederick Lugard alifika Kampala na moja mwezi Desemba 1890, na mwezi Januari 1892 ikapiga katika vita vya Mengo. Mabwana wa London waliokuwa wakipima haki ya kuuza silaha hizo hawakuwa na sababu ya kuwataja waliopigwa nazo, nao hawakuwataja.

Mwaka uliofuata, 1895, ilikuja kesi ndogo ambayo kwa mwajiriwa wa kawaida ina uzito kuliko ya mizinga. Bwana Robb alikuwa na biashara ya kufuga na kuuza ndege wa kuwindwa na mayai yao, na Green alikuwa meneja wake. Green alipokuwa akijiandaa kuondoka alifungua daftari la oda, akanakili kwa siri majina ya wateja na anwani zao, kisha akaanzisha biashara yake na kuwaandikia mmoja mmoja. Hakuwa amesaini sharti lolote la kutoshindana. Mahakama iliamua dhidi yake hata hivyo, kwa sababu kila mtumishi, hata asipoandikishwa, ana wajibu wa uaminifu maadamu bado anakula mshahara wa mwajiri wake. Angeweza kuondoka na kufuga ndege. Wateja aliowakumbuka kichwani angeweza kuwafuata. Kosa lilikuwa daftari.

Hapo mstari ulianza kuchorwa, na uliwekwa wazi kati ya mwaka 1913 na 1921 katika kesi 3 zilizofika Baraza la Mabwana. Ya kwanza ilimhusu mtu aliyekuwa akizunguka mtaa wa Islington, London, kutafuta wateja na kukusanya malipo kwa niaba ya kampuni iliyowapa watu nguo kwa mali kauli. Mkataba ulimkataza kufanya kazi ya aina hiyo kwa miaka 3 popote ndani ya maili 25 kutoka London. Kazi yake ilikuwa ya mtaa mmoja; kizuizi kilifunika jiji lote na miji ya pembeni. Mabwana walikitupa. Kampuni ikaomba basi kipunguzwe kifikie eneo alilozungukia. Lord Moulton alikataa kwa maneno makali: waajiri hawa, alieleza, huandika masharti mapana ili kuwatisha watu wao, wakijua kwamba mfanyakazi maskini hatakuwa na fedha za kupambana nao, na mahakama haiwezi kuwatengenezea upya mkataba baada ya kubanwa. Aliyasema mwaka 1913, na sijaona aliyeueleza ubaya wa masharti haya vizuri zaidi tangu hapo. Nguvu yao kubwa haiko mahakamani. Iko nyumbani, usiku, mtu anapoisoma tena karatasi aliyosaini na kuamua kutothubutu.

Kesi ya pili, ya mwaka 1916, ilikuwa ya mhandisi Saxelby, aliyeingia katika kampuni ya Herbert Morris, watengenezaji wa mashine za kunyanyulia mizigo, akiwa kijana mdogo, na kujifunza humo karibu yote aliyoyajua. Mkataba ulimfungia Uingereza na Ireland nzima kwa miaka 7. Mabwana wakauliza: kampuni inalinda nini hasa? Lord Parker, si yule wa mwaka 1711, akajibu kwamba mwajiri hana haki ya kulindwa dhidi ya ushindani peke yake. Analo jambo moja kati ya mawili la kulinda: siri za biashara, au uhusiano na wateja ambao mfanyakazi anaweza kuuchukua kwa kuwa amefahamiana nao. Maarifa ya jumla na wepesi wa mikono ni mali ya aliyenayo, hata kama aliupata ufundi huo kwa gharama ya bwana wake. Saxelby akashinda.

Ya tatu iliangukia upande wa pili. Karani mkuu katika ofisi ya wakili mmoja wa mji wa Tamworth, aliyeanza kazi humo angali kijana, alikuwa amekubali kwamba akiondoka hatafanya uwakili ndani ya maili 7 kutoka ukumbi wa mji, siku zote za maisha yake. Mwaka 1921 Mabwana walimwambia atimize. Maisha yote ni muda mrefu, lakini eneo lilikuwa dogo, na katika mji wa namna ile mtu humfuata aliyemsikiliza siri zake za mirathi na madeni, hamfuati mwenye jina mlangoni. Karani alikuwa ndiye sura ya ofisi ile kwa watu wa Tamworth.

Kwa hiyo Uingereza ikawa imeligawa swali letu mafungu 3. Ufundi ni wa mfanyakazi. Daftari ni la mwajiri. Katikati umebaki ule ufahamiano wa mfanyakazi na mteja, ambao haukuibwa wala haukuandikwa popote, na juu yake mwajiri anaweza kuweka uzio iwapo uzio ni wa kiasi.

Wakati Waingereza wakipima kiasi kesi kwa kesi, mtu mwingine alikuwa amejaribu kulimaliza suala kwa sentensi moja. David Dudley Field alikuwa wakili wa New York aliyechoshwa na sheria iliyotawanyika katika vitabu vya hukumu visivyohesabika. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kujaribu kuiandika upya kwa vifungu vifupi ambavyo raia angeweza kuvisoma. Rasimu yake ya sheria ya madai ya mwaka 1865 ilikuwa na kifungu kuhusu mikataba ya kuzuia biashara. Hakikuuliza kiasi. Kilisema ni batili, kikaacha nafasi ya wachache: anayeuza biashara pamoja na wateja wake, kama Reynolds, na wabia wanaotengana. Kwa mwajiriwa hakikuacha nafasi.

New York haikuipokea rasimu hiyo. California iliipokea, mwaka 1872. Katika mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, serikali ya Kiingereza ya India ilikuwa ikikamilisha Sheria ya Mikataba, na kwa kifungu cha 27 watungaji wake walichota kutoka rasimu ya Field wakaiacha sheria ya kwao. Wanasheria wa Uingereza hawakulipenda jambo hilo. Sir Frederick Pollock, mwandishi mkubwa wa vitabu vya mikataba, aliona kifungu hicho ni kigumu mno na kwamba kimechukuliwa kutoka mahali pasipofaa. Kikabaki. Miaka 2 baadaye Madhub Chunder alikutana nacho.

Waingereza walipoanza kutawala huku kwetu hawakuja na sheria ya London moja kwa moja. Walichukua iliyokuwa karibu, iliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya makoloni, ambayo wafanyabiashara wengi wa pwani, wenye asili ya Gujarat na Kutch, walikuwa wakiijua kutoka Bombay. Amri ya Malkia ya mwaka 1897 iliingiza sheria za India katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Tanganyika ilipotoka mikononi mwa Wajerumani, mwaka 1920 ikapokea Sheria ya Mikataba ya India vilevile. Mwenye duka la Ngamiani, Tanga, au karani wa Nairobi, aliposaini mkataba wa namna hii aliusaini chini ya kifungu kilichotungwa kwa mara ya kwanza na wakili wa New York. Pengine hakuna kifungu kingine kilichotufikia kwa mzunguko mrefu hivyo.

Kisha nchi zetu zikaachana njia. Kenya, tangu enzi za ukoloni, iliwekewa sheria maalumu ya mikataba ya kuzuia biashara, inayosema kwamba mkataba wa namna hiyo hauwi batili kwa sababu hiyo tu. Mahakama Kuu inaweza kuubatilisha ikiridhika kwamba, kwa kuangalia aina ya kazi, muda na eneo, kizuizi si cha kiasi, au kinawadhuru watu. Ni kipimo cha Nordenfelt kilichovalishwa kanzu ya kifungu. Tarehe 1 Januari 1961 Kenya ikaiacha Sheria ya India kabisa na kuhamia sheria ya mikataba ya Uingereza, na Uganda ikafuata njia hiyo baada ya uhuru. Tanganyika ilifanya jingine. Mwaka 1961 ilitunga sheria yake yenyewe ya mikataba, lakini iliinakili ile ya India karibu neno kwa neno, pamoja na kifungu cha kuzuia biashara. Zanzibar nayo ilikuwa na dikrii yake ya mikataba, iliyotokana na sheria hiyohiyo. Hivyo mpaka wa Namanga, ambao lori la nyanya huuvuka asubuhi, ni mpaka pia kati ya rai mbili kuhusu mteja: upande wa Nairobi jaji anapima, upande wa Arusha maneno ya kifungu yanakataa.

Tofauti hiyo ina maana gani katika maisha ya mtu? Kesi 2 zinaionyesha vizuri kuliko maelezo yoyote.

Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la muuza maziwa. Alikuwa akiendesha gari la kampuni iitwayo Home Counties Dairies, akipita nyumba kwa nyumba alfajiri na kuacha chupa mlangoni, na ndiye aliyewajua wateja kwa majina, nani anataka chupa 2, nani ana mgeni wiki hii. Mkataba wake ulisema kwamba kwa mwaka mmoja baada ya kuondoka hatamuuzia maziwa wala vitu vya maziwa mteja yeyote aliyemhudumia katika miezi 6 ya mwisho. Aliacha kazi, akaajiriwa na kampuni shindani, na mara moja akaanza kupita njia ileile kwenye milango ileile. Mawakili wake walisema sharti lilikuwa pana mno, kwani kwa maneno yake lingemzuia hata kuuza jibini dukani. Majaji walikataa kulisoma hivyo. Walisema linahusu kazi ya kupitisha maziwa, na kwa kazi hiyo lilikuwa la kiasi: mwaka mmoja, wateja wake tu. Muuza maziwa akashindwa.

Sharti lile lilikuwa dogo kuliko yote tuliyoyaona. Halikumfungia mji, wala maili 7. Lilimwachia kuuza maziwa popote, kwa yeyote, isipokuwa watu wale. Kama kuna kizuizi ambacho mtu mwenye huruma kwa wafanyakazi anaweza kukikubali, ni hicho.

Sasa California. Mhasibu mmoja aliajiriwa mwaka 1997 na ofisi ya Los Angeles ya Arthur Andersen, kampuni iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa za ukaguzi wa hesabu duniani. Mkataba wake ulifanana sana na wa muuza maziwa: kwa miezi 18 baada ya kuondoka asiwafanyie kazi wateja aliowahudumia katika miezi 18 ya mwisho, na kwa mwaka mmoja asiwashawishi wateja wa ofisi ile. Mwaka 2002 Arthur Andersen iliporomoka kufuatia kashfa ya Enron, na kitengo alichokuwamo kikauzwa. Ili aajiriwe na wanunuzi alitakiwa asaini hati ya kusamehe madai yake dhidi ya mwajiri wa zamani, ndipo naye afunguliwe na sharti lile. Akakataa, akakosa kazi, akashtaki. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba sharti lilikuwa batili tangu siku liliposainiwa. Kampuni ilikuwa imeomba vizuizi vidogo, vya wateja wachache na muda mfupi, viruhusiwe. Majaji wakajibu kama Couch alivyojibu Calcutta miaka 134 kabla yao: maneno ya mwaka 1872 hayatenganishi kikubwa na kidogo.

Kipimo cha kiasi kina haki ndani yake, na majaji waliokitumia kwa Saxelby walikuwa watu waadilifu. Lakini ni kipimo kinachotoa jibu mwisho wa kesi, na watu wengi hawafiki mwisho wa kesi. Mwenye mshahara wa mwezi hajui kama miezi 12 ni kiasi au si kiasi mpaka amlipe wakili, angoje, na ahatarishe kazi mpya aliyoipata. Kifungu cha Field kinamjibu kabla hajatoka nyumbani. Kina ukali wake, na Madhub aliuonja, kwa kuwa hakikumtofautisha mwenye duka anayepatana na mwenzake kwa hiari na mtumishi asiye na la kusema. Ninakubali ukali huo kuliko shaka.

Wala California haikufilisika kwa kuwaachia watu wake waondoke. Mwaka 1957 wahandisi 8 walimwacha mwajiri wao, William Shockley, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel, wakaanzisha Fairchild Semiconductor karibu na maabara yake. Mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, waliiacha Fairchild wakaanzisha Intel. Wataalamu wamebishana ni kwa kiasi gani kifungu cha 1872 ndicho kilicholijenga bonde la kompyuta la California, Silicon Valley, na vyuo vikuu na fedha za jeshi navyo vilikuwa na mchango wao. Ila ni wazi kwamba hapakuwa na sharti la kumtisha mhandisi aliyetaka kuhama.

Sehemu nyingine za Marekani zilienda njia ya kiasi, na huko masharti yakashuka kutoka kwa wakurugenzi hadi kwa watu wa kima cha chini. Mwaka 2016 kampuni ya sandwichi ya Jimmy John's ilikubali, baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na Illinois, kuacha kuwasainisha wafanyakazi wa maduka yake masharti ya kutoshindana. Lord Moulton asingeshangaa. Mwezi Aprili 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza kanuni ya kuyafuta masharti hayo karibu yote nchini, ikikadiria kwamba yanawafunga wafanyakazi wapatao milioni 30. Mwezi Agosti mwaka huohuo mahakama ya Texas iliitengua kanuni hiyo kabla haijaanza kufanya kazi, kwa kusema tume haikuwa na mamlaka ya kuitunga. Mwezi Septemba 2025 tume yenyewe iliacha rufaa yake.

Upande wetu, karatasi za ajira zinaendelea kuandikwa kana kwamba Afrika Mashariki yote ina sheria moja. Sharti la mwaka mmoja au miwili, la kutowahudumia wateja wa kampuni, hunakiliwa kutoka mikataba ya Uingereza na kuwekwa mezani Dar es Salaam kama linavyowekwa Nairobi. Huko Nairobi mfanyakazi anayelisaini ana sababu ya kuuliza: nilihudumia wateja gani, eneo gani, na muda huu unatosha kumpa mwajiri nafasi ya kuwazoesha mtu mwingine, au umewekwa kunikomoa? Dar es Salaam swali la kwanza ni kama sharti lina uhai wowote mbele ya kifungu kile. Kote kuwili wajibu alioukiuka Green unabaki: awapo kazini asijivutie wateja pembeni, na akiondoka asiondoke na daftari, hata likiwa ndani ya simu. Lakini mteja anayempigia kwa hiari yake, baada ya mwezi au mwaka, akimwambia kwamba kazi yake aliipenda na anataka aifanye tena, kwa maneno ya sheria ya Tanzania kama yalivyosimama tangu mwaka 1961, ni mteja anayeruhusiwa kumpokea.